Presha ya Binti wa Fundi Bomba

Msusi ndiye aliyegundua kwanza kwamba miguu ya mtoto imepoa. Alikuwa ameingia wodini asubuhi na kikombe cha maziwa aliyokamua, akanawa mikono mpaka viwikoni kama alivyofundishwa, akapitisha mkono kwenye tundu la inkubeta na kuushika unyayo wa binti yake. Unyayo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi cha kulala juu ya kidole gumba chake. Jana ulikuwa na joto. Leo ulikuwa kama kitu kilichotolewa mtungini.

Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake, akatiwa mpira wa kupumulia mdomoni hata kabla hajalia, na tangu siku hiyo watu walikuwa wakimsimulia Msusi habari za watoto njiti waliokua wakanenepa, wakawa mapolisi, wakaoa wake wawili. Alizisikiliza kwa adabu. Lakini mikono yake ilikuwa imeishi miaka kwenye vichwa vya watu, ikitafuta njia ya nywele, na haikuwa rahisi kuidanganya kwa maneno. Akamwita muuguzi.

Muuguzi huyo wodi nzima walimwita Mizani, kwa sababu hakuna alichokiacha bila kukipima: maziwa, mtoto, pamba, hata nepi iliyolowa. Alikuja bila haraka, akabonyeza kidole kifuani mwa mtoto, akaachia. Pale alipobonyeza pakabaki peupe. Akangoja. Pakaendelea kuwa peupe. Hapo ndipo haraka ilipomwingia. Alimfunga mtoto kitambaa cha kupimia presha, chembamba kama utepe wa kufungia zawadi, akasoma kwenye kioo cha mashine. Akakihamishia mguuni, akasoma tena. Kisha akamwambia mwenzake akamwite daktari. Alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilimtisha Msusi kuliko kama angepiga kelele.

"Mama, tupishe kidogo," alimwambia.

"Kuna nini?"

"Presha yake imeshuka. Kaa hapo nje, tufanye kazi."

Msusi akatoka na kikombe chake mkononi. Hakuna aliyekumbuka kukipokea.

&nbsp;

Fundi alipigiwa simu akiwa amepiga magoti ndani ya shimo, mbele ya duka la vipuri, bomba lililopasuka likimrushia maji usoni. Hakusikia vizuri alichoambiwa na mkewe, ila alisikia jinsi alivyokisema. Akamwachia mwenzake spana, akaondoka vilevile alivyokuwa.

Mlangoni pa wodi mlinzi alimtazama kuanzia kichwani, macho yakaishia kwenye buti. Akamwambia kwamba pale ni wodini kwa watoto wachanga, si mtaroni. Fundi akajibu kwamba mtoto wake yumo ndani. Mlinzi akasema kila anayekuja pale mtoto wake yumo ndani, hajaona bado mtu aliyekuja kumtazama mtoto asiyemjua. Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka kidogo. Walikuwa na siku nyingi bila kucheka, na kicheko kikipatikana hakichaguliwi. Fundi akavua buti. Soksi zilikuwa zimetoboka, kidole gumba kimechungulia, akazivua nazo. Mizani alipotoka alimkuta amesimama pekupeku juu ya vigae, suruali imekunjwa magotini, kama mwanafunzi anayengoja adhabu. Akaingia ndani, akamletea kandambili za rangi ya waridi zenye ua juu, za nani hakuna aliyejua. Zilimfika nusu ya mguu. Alishinda nazo siku nzima, wala haikumpitia akilini kuona haya.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele amezibana kwa haraka upande mmoja ukachomoza. Msusi aliliona hilo, kwa mazoea tu. Kwa kuwa hapakuwa na chumba cha kuzungumzia, aliketi nao kwenye benchi la varandani, akawaambia hatawaficha kitu. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu ya mtoto. Katika kupambana navyo mishipa ilikuwa imelegea, na moyo umechoka kusukuma. Damu ilikuwa haifiki miguuni, na kama hali haikubadilika isingefika kwenye figo, wala kwenye ubongo. Dawa za kuua vijidudu alikuwa ameshaanza kumpa. Maji ya chumvi pia, taratibu, kwa kiasi cha uzito wake.

"Si mmwongeze hayo maji," Fundi alisema. "Presha ikishuka si unaongeza maji?"

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Mabomba."

"Basi tutaelewana. Bomba likiwa limelegea, limetanuka kama mpira uliochakaa, ukiongeza maji itakuwaje?"

Fundi alifikiri. "Yatavujia ukutani. Presha haipandi, na nyumba inalowa."

"Ukuta wenyewe ni mapafu yake. Nikimjaza maji nitamzamisha." Daktari alisema hivyo bila kuyapamba. "Kwa hiyo nataka kulibana bomba, na kuusaidia moyo usukume. Dawa ipo, inaingia kwa mashine, tone kwa tone. Ikizidi inaumiza, ikipungua haifanyi kitu. Na kila mtoto na mwili wake. Nitakuwa naongeza huku namwangalia."

Msusi alikuwa na swali moja tu. "Atapona?"

"Sijui, mama. Ninachokifanya nakijua. Hilo silijui. Ila sitaondoka hapa."

Baadaye Msusi alikuwa akisema kwamba jibu hilo ndilo lililomfanya amwamini Daktari, kwa sababu tangu ajifungue hakuwahi kukutana na mtu mwingine aliyekiri kwamba kuna kitu hakijui.

&nbsp;

Dawa ya kwanza ilipandisha presha, wakapumua. Kisha presha ikateremka tena, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asitake kusikika. Daktari akaongeza dawa, akangoja, akaongeza. Mizani alibadilisha mirija, akahesabu mapigo ya moyo, akatazama nepi. Nepi ilikuwa kavu. Kila alipoitazama ilikuwa kavu, na kila mara aliikunja upya kwa uangalifu kana kwamba kosa lilikuwa kwenye mkunjo.

Fundi alitoka nje akampigia kaka yake mkubwa. Kaka huyo ukoo ulimwita Mwenyekiti, maana vikao vyote aliviendesha yeye ingawa hakuna kikao kilichowahi kumchagua. Alikuwa mtu mwema, mwenye kasoro moja: hakumwachia mtu amalize sentensi. Ukianza tu, yeye anakumalizia.

"Kaka," Fundi alisema, "presha ya mtoto imeshuka kabisa. Madaktari wamejaribu, sasa imebaki..."

Simu ikazimika, chaji imekwisha. Alichotaka kusema ni kwamba imebaki kungoja dawa ifanye kazi. Kule nyumbani Mwenyekiti aliishusha simu sikioni, akaimalizia sentensi ile mwenyewe. Kabla jua halijageuka, turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa, majirani wamebana sauti, na mama yao ameshapakizwa kwenye teksi kwenda kumchukua mjukuu wake.

Bibi alifika lango kuu la hospitali na shuka nyeupe kwapani. Alisema amekuja kuchukua maiti ya mtoto. Mlinzi wa lango alivua kofia, akamwelekeza jengo la nyuma. Huko alimkuta mzee mmoja mpole aliyemtafuta mtoto huyo kila mahali pa kutafutwa, asimpate. "Hapa hayupo, bibi," alimwambia. "Rudi mbele, ukaulize kwa walio hai." Bibi akarudi akiukata uwanja mzima wa hospitali kwa miguu yake mibovu, hajui kama afurahi au asifurahi, maana furaha ya uongo aliiogopa kuliko msiba.

Msusi aliiona ile shuka kabla hajamwona aliyeibeba. Ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Mama, hiyo ni ya nini?"

Bibi alimtazama mwanawe aliyevaa kandambili za waridi, akamtazama mkwewe. "Nimeambiwa nije nimchukue mjukuu wangu."

"Nani amekwambia?"

"Kaka yake huyu. Na turubai limeshafungwa."

Msusi aliinuka. Tangu aolewe hakuwahi kumwinulia mama mkwe sauti, na hata sasa hakuiinua. "Mwanangu yumo ndani anapigana, mama. Kama umekuja kumzika, rudi nyumbani. Kama umekuja kumwona, kanawe mikono."

Fundi aliinamisha kichwa, akangoja mbingu ianguke. Watu wa kwenye benchi wakaacha mazungumzo yao. Bibi alisimama palepale. Kisha akaenda kwenye pipa la taka lililokuwa pembeni ya mlango, akaitia ile shuka, akaisukuma kwa mkono mpaka ikazama chini, akauliza sabuni iko wapi.

Ndani alisimama muda mrefu mbele ya inkubeta. Mtoto alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni, mwingine mwembamba umepita kitovuni, na nyaya kila upande, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Ana nywele," alisema hatimaye. "Kumbe ana nywele nzuri hivi. Amechukua kwa mama yake."

Hilo lilikuwa neno la kwanza zuri alilowahi kumpa Msusi mbele ya watu, na Msusi, ambaye siku nzima hakuwa amelia, alilia hapo.

Fundi akaazima simu kwa mtu wa kwenye benchi. Akamwambia kaka yake kwamba mtoto yu hai, turubai lifunguliwe. Mwenyekiti alimshukuru Mungu kwanza, na alishukuru kwa moyo kweli. Kisha akauliza daktari anasemaje. Fundi akajibu kwamba daktari anasema hajui.

"Basi tuliache kwanza," Mwenyekiti alisema. "Tukilifungua leo, kesho tukalifunga tena, watu watatuonaje?"

Fundi aliifuta simu kioo kwa shati, akamrudishia mwenyewe. Hakumwambia mkewe alichojibiwa.

&nbsp;

Kuelekea jioni Daktari alianza dawa ya pili, adrenalini, juu ya ile ya kwanza. Chai aliyoletewa ilipoa mezani, ikafanya utando. Alimpigia bingwa aliyemfundisha, wakazungumza kwa sentensi fupifupi. Akawa anajibu ndiyo, hapana, nimeshafanya, bado hajakojoa. Alipokata simu aliwaeleza wazazi kwamba miili ya watoto waliozaliwa mapema namna hii wakati mwingine huishiwa nguvu ya kutengeneza homoni ya kupambana na shida. Mtoto anapewa dawa za kumsukuma lakini mwili hauna cha kuzipokelea. Angemsaidia kwa sindano ya homoni hiyo. Nayo ilikuwa na hatari zake, akazitaja moja moja, hakuruka hata moja. Fundi akamtazama mkewe. Msusi akatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe nina kazi na wewe," Daktari akamwambia Msusi. "Osha mikono uje ushike mguu huu. Usiuachie. Ukibadilika, uwe wa baridi zaidi au wa moto zaidi, niambie."

Huenda Daktari alimpa kazi hiyo kwa huruma tu, ili asikae varandani kuhesabu vigae. Lakini Msusi aliipokea kama kazi. Aliletewa stuli, akaketi, akapitisha mkono kwenye tundu, akaushika ule unyayo. Wauguzi wa zamu waliondoka, wengine wakaja, lakini Mizani aliaga mara mbili na mara zote mbili akaonekana tena amepinda juu ya mashine. Varandani Bibi alilala ameegemea bega la mwanawe.

Kulipoanza kupambazuka, Msusi alidhani joto analolisikia ni la mkono wake mwenyewe. Akautoa mkono, akaupepea mpaka ukapoa, akaurudisha. Akatulia, akasikiliza kwa vidole. Kisha akamwita Daktari, na alimwita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mteja kwamba zamu yake imefika.

"Njoo ushike," alisema. "Umerudi."

Daktari akashika. Akabonyeza kifua cha mtoto, akaachia; pakawa peupe, na mara pakawa na rangi. Kwenye kioo presha ilikuwa imepanda hatua moja, na safari hii haikushuka ngazi. Mizani alifungua nepi, akainyanyua kwa vidole viwili, akaishika hewani kidogo kabla ya kuiweka kwenye mizani. Akasoma. Akaiondoa, akahakikisha mizani iko sawa, akaiweka tena.

"Amekojoa," alisema, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani.

Daktari alitafuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaanza kucheka, na alipocheka Msusi aliona kwamba ni msichana tu, pengine mdogo wake kwa miaka kadhaa. Fundi aliyekuwa ameingia kwa kandambili zake alitazama nyuso za watu, haelewi mkojo umekuwaje habari njema kiasi hicho.

"Fundi," Daktari alimwambia, "maji yakitoka kwenye bomba la nyumba ya mwisho mtaani, maana yake nini?"

Fundi alifungua mdomo kujibu. Akageukia ukutani badala yake, akauegemeza uso kwenye vigae, mabega yakitikisika, na Bibi, aliyekuwa ameamka akamfuata ndani, akaenda kumsimamia nyuma akimpapasa mgongo kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto.

&nbsp;

Fundi alifika nyumbani watu wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi chini ya turubai. Walipomwona anaingia wanaume walisimama, nyuso zikaanguka, wakaanza kupanga mstari wa kumpa mkono. Mwenyekiti alimjia kwa hatua za taratibu, mikono imefunguka.

"Mdogo wangu, kazi ya Mungu..."

"Niache nimalize, kaka," Fundi alisema. "Leo nitamaliza mwenyewe."

Mwenyekiti alibaki na mikono yake hewani.

"Mtoto amekojoa," Fundi aliwaambia. Akaona hawajaelewa, kama yeye alivyokuwa hajaelewa, akawaeleza: damu imefika miguuni, imefika kwenye figo, presha imepanda, na daktari ambaye jana alisema hajui, leo amecheka. Alieleza bila kupamba.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaleta ngazi yake ya kazi, akaiegemeza kwenye nguzo ya turubai, akapanda. Fundo lilikuwa limekazwa vizuri. Kaka yake alikuwa mtu wa kukaza mambo. Akalifungua kwa meno. Pembe moja ya turubai ikaanguka, jua likawamwagikia wale waliokaa upande huo. Mama mmoja jirani, aliyekuwa amekwisha kulia toka jana, alishika kiuno akasema yeye machozi yake hayarudi, kwa hiyo lazima alipwe kwa vigelegele, akavianza mwenyewe. Wengine wakampokea. Vikapita ukuta, vikaenda mpaka barabarani, na waliokuwa njiani kuja kutoa pole wakasimama wakaulizana kama wamekosea nyumba.

Fundi aliposhuka na kuisogeza ngazi kwenye nguzo ya pili, alimkuta mtu ameshaishika isiyumbe. Ni Mwenyekiti. Alitazama juu, ameishika ngazi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliacha kazi ya mwenzake imalizike na mwenzake.

&nbsp;

Vita vyenyewe havikwisha siku hiyo. Daktari alizipunguza zile dawa kama alivyoziongeza, kidogo kidogo, na kuna siku alilazimika kurudi nyuma hatua moja. Mpira wa kupumulia ulitolewa, mtoto akabaki na oksijeni ya puani. Kwa siku kadhaa koo lilikuwa limekwaruzika, akitaka kulia inatoka pumzi tu. Mwishoni ikabaki mashine moja, ikimsukumia matone machache ya dawa ya kwanza, na asubuhi moja Daktari akawaita wazazi waje washuhudie akiizima.

Aliizima kwa kidole kimoja. Wakatazama kioo: Daktari, Mizani, Fundi, Msusi, na Bibi aliyekuwa ameruhusiwa kuchungulia mlangoni. Presha ikayumba. Ikashuka kidogo, na mkono wa Mizani ukaelea karibu na kitufe. Kisha ikasimama, ikapanda, ikakaa. Wakangoja. Ikaendelea kukaa. Sasa haikuwa ya mashine wala ya dawa. Ilikuwa presha yake mwenyewe, binti wa Fundi.

Mizani alimtoa kwenye inkubeta ili ampe mama yake. Mtoto hakupenda kuguswaguswa. Alikunja uso, akakunja ngumi, akavuta pumzi, akalia. Safari hii sauti ilitoka, kali, ya hasira, ya mtu aliyedhulumiwa. Mtoto wa inkubeta ya jirani akaamka akamwitikia, wa tatu akafuata, na mara wodi nzima ikawa inalia huku mama zao wakicheka.

"Ametuamshia mtaa," Mizani alisema, akimweka kifuani pa Msusi. "Mnyonyeshe, mama, anyamaze."

"Bado kidogo," Msusi alisema. Alimshika vizuri, akainamisha sikio karibu na kile kinywa kilichofunguka. "Mwacheni kwanza alie. Sauti yake nilikuwa sijaisikia."